Tanuru la Coalbrookdale: kwa nini wanalinda gofu, wasilijenge upya likawashwa?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Mimi ni mzaliwa wa Nkasi, Rukwa, kwa sasa niko Birmingham na familia. Juzi tulienda Coalbrookdale kuona lile tanuru la zamani la chuma ambalo watu wanasema ndo lilianzisha mapinduzi ya viwanda. Kusema ukweli watoto walichoka. Ni gofu la mawe na matofali limefunikwa na banda la vioo, huoni moto wala mashine. Kwa nini hawalijengi upya wakaliwasha watu waone? Na kwa nini limeandikwa miaka tofauti tofauti pale mbele? Halafu kule kwetu shambani kwa babu kuna malungu mawili (yale matanuru ya udongo ya wazee ya kuyeyushia chuma) yamesimama mpaka leo, hayana hata uzio. Tofauti yake na hili ni nini hasa mpaka hili lijengewe nyumba ya vioo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na wape pole hao watoto, nawajua watu wazima na shahada zao waliotoka pale wakiuliza "ndo hilo tu?" Ndo hilo tu. Ila ngoja nikwambie ulichokuwa unakiangalia, maana inaonekana mlipita mbele yake mkaona ukuta, na wala sio kosa lenu, kitu chenyewe kimezima tangu 1818 hivi na hakijitangazi.

Tuanze na lilivyofanya kazi, bila hilo mengine hayataeleweka. Tanuru la aina ile ni kama bomba nene la mawe lililosimama, ndani limejengewa matofali yanayostahimili moto, juu wazi, katikati limetanuka, chini limebanwa. Limejengwa ubavuni mwa kilima makusudi, ili watu wafike mdomoni kwa juu na matoroli yao wakamwage vitu vitatu kwa zamu: makaa, mawe yenye chuma, na mawe ya chokaa. Chini pembeni kuna tundu la upepo, na nje ya tundu kulikuwa na mivukuto mikubwa ya ngozi na mbao inayosukumwa na gurudumu la maji, inapuliza usiku na mchana bila kupumzika. Makaa yakipigwa na upepo ule yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, hiyo hewa inapanda juu na njiani inayanyang'anya mawe oksijeni yake, chuma kinabaki peke yake. Sasa chuma kitupu kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538, ni moto mkali mno huo, lakini humo ndani kinakuwa kinashuka taratibu huku kinafyonza kaboni ya makaa mpaka karibu asilimia 4, na kikishashiba kiasi hicho kinayeyuka kwenye nyuzi 1,150 tu hivi, ndo maana kinafika chini kikiwa maji kabisa. Chokaa nayo inakamata mchanga na udongo uliokuwa kwenye mawe, unatoka uji mwepesi unaoelea juu ya chuma, hayo ndo mavi ya chuma. Baada ya saa kadhaa mafundi wanatoboa kizibo cha udongo kwa mtaimbo, chuma kinatiririka kwenye mifereji ya mchanga au kinachotwa kwenda kwenye kalibu, yaani umbo la kukigandishia, wanaziba tena, kazi inaendelea.

Na halizimwi ovyo. Likishawashwa linakwenda miezi na miezi, mpaka matofali ya ndani yaliwe na moto au maji ya kuzungusha gurudumu yakauke. Pale bondeni maji yalikuwa tatizo sugu wakati wa kiangazi, wakajaribu kuyarudisha bwawani kwa pampu za kuzungushwa na farasi, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1740 wakaweka injini ya mvuke ya aina ya Newcomen ifanye kazi hiyo hiyo. Hebu liangalie hili jambo lilivyojizungusha: kiwanda hicho hicho ndo kilikuwa kinasubu (kinamimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu) silinda za injini hizo, yaani tanuru linatoa chuma, chuma kinakuwa injini, injini inarudisha maji bwawani, maji yanapuliza tanuru.

Umaarufu wake sasa. Wanaosema pale ndo mwanadamu alianza kuyeyusha chuma wanakosea, na wanakosea sana, Wachina walikuwa wanasubu chuma zaidi ya miaka 2,000 kabla. Hata tanuru lenyewe Abraham Darby hakulijenga yeye, alilikuta. Huyu bwana alizaliwa 1678, alikuwa Mkweka (muumini wa dhehebu moja la Kikristo), alikuwa na shughuli zake Bristol kwenye shaba ya njano. Mwaka 1707 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, ya kusubu vyungu vya chuma kwenye kalibu za mchanga, kwa sababu vyungu vya shaba vilikuwa ghali na mke wa mtu maskini alihitaji chungu. (Hiyo biashara ya shaba ya Bristol nayo ina mambo yake ambayo kwenye maonyesho huwa yanapitiwa haraka haraka, sehemu ya vyombo vya shaba vilivyotoka mji ule vilipakiwa melini kwenda Afrika Magharibi kubadilishana na watu waliouzwa utumwani.) Mwaka 1708 akakodi lile tanuru la Coalbrookdale lililokuwa limeharibika limeachwa, akalitengeneza, na tarehe 10 Januari 1709 likawashwa kwa makaa ya koki.

Koki ni makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kwa kunyimwa hewa ili yatoe moshi, lami na sehemu ya salfa yake. Kabla ya hapo matanuru ya Uingereza yalikula mkaa wa miti, na mkaa wa miti una shida mbili, unataka msitu mzima, halafu ni laini, ukirundika tanuru refu uzito wa juu unausaga wa chini, upepo haupiti. Makaa ya mawe mabichi nayo yana salfa, ikiingia kwenye chuma kinakuwa hovyo, kinapasuka. Bahati ya Darby ni kwamba makaa ya eneo lile la Shropshire yalikuwa na salfa kidogo, kwa hiyo koki yake ikafaa. Na moto wa koki ulikipa chuma silikoni zaidi, kikawa kile cha kijivu ambacho kinatiririka vizuri mpaka kwenye kona nyembamba za kalibu, kwa hiyo vyungu vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi kuliko vya wenzake. Ndo uhondo wote ulipo, chungu chembamba! Watu wanataka kusikia habari za reli na madaraja, lakini mwanzoni kabisa ilikuwa biashara ya vyungu.

Usidhani pia kwamba kesho yake Uingereza nzima ilihamia kwenye koki, hapana. Darby alikufa 1717 na kwa miaka mingi baada yake wenye karakana za kufua chuma hawakukitaka chuma cha koki, kiliwasumbua kukigeuza kiwe cha kufulika. Ni mpaka miaka ya 1750, zama za mwanawe Abraham Darby wa pili, ndo kikaanza kukubalika kwenye karakana hizo na matanuru ya koki yakaanza kuota kila bonde. Reli za chuma zikasubiwa kwenye kampuni hiyo hiyo 1767, na 1779 likasimamishwa lile daraja la chuma pale mtoni Severn, la mjukuu Abraham Darby wa tatu, upana wake kutoka ukingo mpaka ukingo ni mita 30 na kidogo, likafunguliwa siku ya mwaka mpya 1781. Kama mlilifikia mliliona lina rangi nyekundu ya kahawia, ilirudishwa 2018 baada ya watafiti kukwangua tabaka za rangi mpaka wakaikuta ya mwanzo chini kabisa, miaka mingi watu walikuwa wanalijua la kijivu.

Sasa ile miaka iliyokuchanganya. Ukisimama mbele ya mdomo wa chini, pale chuma kilipokuwa kinatokea, juu ya upenyo kuna boriti za chuma zimepangwa kwa ngazi kurudi ndani, moja juu ya nyingine, nazo ndo zinabeba ukuta wote wa mbele. Zile za juu zimeandikwa jina la Abraham Darby na mwaka 1777. Ya chini ina herufi na mwaka ambao watu wengi wanausoma 1638. Wataalamu wengi wanashikilia kwamba ilikuwa 1658 na ile tano imekuja kuharibika na kuguswa guswa baadaye ikaonekana tatu. Mimi niko na wa 1658. Kwa vyovyote vile, hiyo boriti ya chini ni ya wenye tanuru wa kwanza, miongo miwili au zaidi kabla Darby hajazaliwa, na zile za juu ni za mjukuu wake alipolibomoa sehemu na kulipanua. Yaani pale ulipokuwa umesimama ulikuwa unaona tanuru mbili kwenye mwili mmoja, na katikati yake, kwa maana ya miaka, ndo kuna ule moto wa 1709.

Na hilo ndo jibu langu la swali lako kubwa, kwa nini wasilijenge upya. Ulijenge upya lipi? La 1658 lililokuwa linakula mkaa wa miti? La 1709? La 1777? Ukichagua moja inabidi ufute mengine, na hakuna mchoro wa fundi wa 1709 wa kukuongoza, ushahidi pekee wa lilivyokuwa ni hayo mawe yenyewe, pale yalipounganishwa vibaya, pale tofali linapobadilika rangi, pale mstari wa zamani unapokutana na mstari mpya. Ukiingia chini ya upenyo ukainua macho unaona ngozi ya ndani, matofali yameyeyuka usoni yakaganda tena, meusi meusi ya kijani, yanang'aa kama sukari guru iliyoungulia sufuriani. Hiyo ngozi iliyoganda kama kioo inaweza kupimwa maabara ikaeleza moto ulifika wapi na walikuwa wanalisha nini. Ukiweka matofali mapya ili uwashe, hiyo inabomolewa kwanza.

Halafu kuna suala la kifundi tupu. Mawe ya zamani yamelala na unyevu kwa miaka 200, ukiyapasha moto kwa nguvu maji yaliyomo yanageuka mvuke na hayana pa kutokea, ukuta unapasuka, na unaweza kupasukia watu. Mivukuto haipo, gurudumu halipo. Ungebaki umejenga tanuru jipya lililovaa ganda la zamani.

Kuna waliochagua njia hiyo ya kujenga upya, sio kwamba ni dhambi. Saugus, Massachusetts, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha chuma kilichoanza miaka ya 1640, kikafa kikafukiwa kabisa, wakakichimbua kuanzia 1948, na 1954 wakafungua tanuru, karakana na magurudumu ya maji yote yamejengwa upya juu ya misingi waliyoikuta, leo ni sehemu ya hifadhi za taifa zao. Inapendeza, magurudumu yanazunguka, hao watoto wako wangefurahi. Lakini pale unaangalia mawazo ya wataalamu wa miaka ya 1950 kuhusu karne ya 17, na sehemu nyingine ilibidi wakisie. Saugus juu ya ardhi hapakubaki kitu cha maana cha kuharibu, kwa hiyo nawaelewa. Coalbrookdale mwili wenyewe ulikuwepo.

Na ulikuwepo kwa bahati tu. Baada ya kuzimwa kampuni iliendelea na kazi ya kusubu pale pale bondeni kwa miaka mingi sana, tanuru likabaki katikati ya kiwanda, taka na mchanga wa kalibu vikalifukia kiasi. Katikati ya karne iliyopita lingeweza kabisa kuvunjwa wapate nafasi, lakini kampuni ya Allied Ironfounders iliyokuwa inamiliki wakati huo ikalifukua na kufungua kijumba cha makumbusho 1959, kutimiza miaka 250 ya moto wa Darby. Shirika la makumbusho la Ironbridge likaundwa 1967 na baadaye likachukua jukumu, na 1986 bonde lote likaingia urithi wa dunia wa UNESCO. Kusubu chuma hapo bondeni kwenyewe kuliendelea mpaka Novemba 2017, walikuwa wanatengeneza vipande vya majiko ya Aga, halafu wakafunga.

Lile banda la pembetatu la chuma na vioo lililowachosha ni la mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa kweli mimi pia silipendi sana kwa macho. Ila adui wa gofu lile ni maji. Mvua inaingia kwenye viungo vya mawe, baridi ikija yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, yanasukuma, jua likitoka yanayeyuka, mwakani tena, na huko Shropshire mchezo huo unaweza kutokea mara nyingi kwa msimu mmoja. Boriti za chuma nazo zikipata maji zinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inanyanyua jiwe lililo juu yake polepole. Fundi akija na simenti kuziba nyufa anakuwa kama kaongeza ugonjwa, simenti ni ngumu kuliko jiwe la zamani na haipitishi unyevu, maji yanabaki ndani yanatafuta njia kwa kulimega jiwe, ndo maana wanaojua wanatumia chokaa. Hata banda lenyewe lina gharama yake, ukikausha ukuta uliozoea kulowa chumvi zilizokuwa ndani zinasogea usoni na kuchubua tofali, na vioo vinataka kuoshwa na kuzibwa kila leo. Sheria ya Uingereza ya 1979 ya mabaki ya kale na maeneo ya akiolojia inalilinda, kwa hiyo hata kugusa jiwe moja kwa matengenezo kunahitaji kibali cha serikali, na kuliharibu ni jinai. Ukitaka kuona kutokuwa na banda kunavyotesha nenda Völklingen, Ujerumani, pale matanuru sita makubwa ya kisasa yalizimwa 1986, yakaingia urithi wa dunia 1994, ni makubwa mno huwezi kuyafunika, vita na kutu haviishi.

Haya, malungu ya babu. Hapa ndo nilifurahi kusoma swali lako.

Lungu la Kifipa na tanuru la Darby ni kazi mbili tofauti. Lungu limejengwa kwa udongo wa kichuguu, linafika karibu mita 3, na halina mivukuto kabisa, chini lina milango na mabomba ya udongo kuzunguka, moto wenyewe unavuta upepo kwa sababu ya urefu wake. Linaungua siku kadhaa na chuma hakifiki kuwa maji, kinabaki bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo linapelekwa kwenye kitanuru kidogo, kintengwe, hapo sasa mivukuto inatumika, linasafishwa, ndo mhunzi anafua jembe. Ukisikia mtu anasema Wafipa hawakufikia kuyeyusha chuma kikawa maji kwa hiyo walikuwa nyuma, mwambie hivi: chuma cha Darby kimejaa kaboni, ungempelekea mhunzi wa Nkasi akakipasha na kukigonga, kingemvunjikia juu ya fuawe. Jembe halitoki humo. Wao walitaka jembe, wakatengeneza tanuru la kutoa chuma cha jembe, na walikuwa mafundi mpaka karne ya 20 majembe ya dukani kutoka nje yalipowaua kibiashara. Darby alitaka chungu.

Mbona moja lina vioo na jingine mbuzi wanajikunia? Pesa, na nani alipiga kelele mapema, sina jibu la kupendeza zaidi ya hilo. Lakini kwa hayo mawili ya kwenu kuna mambo ambayo familia inaweza kufanya bila kusubiri mtu, na mengine ambayo nawaomba msifanye.

Msizibe nyufa kwa simenti hata kama kuna fundi wa bei nafuu, udongo ule na simenti haviendani kabisa, mvua mbili tatu simenti inabanduka na kipande cha lungu juu. Miti iliyoota ndani au juu yake msiing'oe, mzizi unatoka na ukuta, ikateni usawa wa udongo na mrudie kuikata kila inapochipua mpaka ichoke. Wekeni boma la miiba mbali kidogo, hatua kama kumi hivi kutoka kwenye lungu, sio karibu, kwa sababu mashimo ya nguzo yanaharibu vilivyoko ardhini, na vilivyoko ardhini ni vingi, mabonge ya mavi ya chuma, vipande vya yale mabomba ya udongo, mkaa. Vyote hivyo viacheni palepale vilipolala, ndo vinamwambia mtafiti walipanga mabomba mangapi na moto ulikwendaje, mtoto akivikusanya fungu moja pembeni ya njia taarifa imepotea. Jembe la ng'ombe lisipite hapo. Kama maji ya mvua yanateremka yakigonga mguu wa lungu, chimbeni mfereji upande wa juu, nje ya boma, uyakwepeshe.

Halafu mwambie mtu apige picha pande zote, aweke fimbo iliyopimwa kando ili urefu uonekane, achukue na mahali penyewe kwa simu, na wazee waulizwe majina ya waliokuwa wanachoma na mawe walikuwa wanayatoa kilima gani, hilo wazee wakiondoka halipatikani tena popote. Nakala apelekewe afisa utamaduni wa wilaya na nyingine Idara ya Mambo ya Kale, kwa maandishi, na mbaki na nakala yenu yenye muhuri. Picha zikifika nirushie na mimi, hasa za upande unaopigwa na mvua na za juu ya milango, huko ndo nyufa za hatari huanzia, nitakwambia kama kuna ukuta unaotaka kuegemezwa kabla ya masika.